Ruzuku bila mteja haiendeshi kampuni ya bioteknolojia

Ndugu, usisaini mkataba huo. Umeandika kwamba mshauri amekuhakikishia kuwa ruzuku ya Umoja wa Ulaya itatosha kuiendesha kampuni yako huko Kraków, Poland, huku mkitafuta dawa ya saratani, kisha ukauliza kuhusu kodi, kibali cha ukaazi, na kama Tartu, huko Estonia, ingefaa zaidi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, katika jiji hilo hilo, na kampuni niliyoianzisha na wenzangu haipo tena.

Ruzuku yetu ilikuwa ya kurejeshewa: unatumia kwanza, unawasilisha stakabadhi, kisha unasubiri. Tulikopa ili kununua mashine ya kusafishia protini, na mkataba wa ruzuku ukakataza isifanye kazi ya mteja yeyote anayelipa hadi mradi umalizike. Maabara ya jirani ilituletea sampuli, fedha ikiwa tayari, tukazirudisha, ilhali mashine imekaa imefunikwa nailoni kwa kuwa hatukuweza hata kununua vitendanishi, yaani kemikali za kuitumia. Mshauri alikuwa ameshachukua asilimia yake siku ruzuku ilipoidhinishwa. Tulipomuuliza kuhusu kifungu hicho, alijibu kwamba kazi yake ilikuwa kuandika maombi tu. Nakasirika hadi leo, maana watu wa aina hiyo hula kabla shamba halijalimwa.

Ukomunisti uliziachia nchi hizo za Ulaya Mashariki wanasayansi hodari, lakini haukuacha wawekezaji wa kungoja dawa kwa miaka kumi. Ndiyo maana kampuni zilizostawi ni zile zilizokuwa na kitu cha kuuza mapema. Fermentas ya Vilnius, Lithuania, iliyochipuka katika taasisi ya vimeng'enya ya enzi za Kisovieti, iliziuzia maabara za dunia vimeng'enya vya kukatia DNA, hata kampuni ya Thermo Fisher ya Marekani ikainunua mwaka 2010 kwa dola milioni 260. Selvita, iliyoanzishwa Kraków mwaka 2007, iliwafanyia wengine utafiti kwa malipo huku ikitafuta dawa zake yenyewe, na ni mwaka 2019 tu ndipo kazi hizo mbili zilipotenganishwa, upande wa dawa ukaitwa Ryvu.

Kwa hiyo tafuta kwanza mteja wa kulipa, hata kama ni wa kupimiwa sampuli chache kila mwezi. Kisha mbane mshauri wako akuonyeshe kwa maandishi nani anatanguliza fedha, zinarejeshwa baada ya muda gani, na kama mashine itaruhusiwa kumhudumia mteja huyo. Akikwepa hata swali moja kati ya hayo, usimpe saini yako.