Arwa: Jina Lililotoka Majabalini

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tumejaaliwa mtoto wa kike na tumekubaliana kumwita Arwa. Tulipotafuta maana yake katika orodha za majina kwenye intaneti, moja ilituambia kuwa ni “mwenye kukata kiu”, nyingine “uzuri”, nyingine “wepesi wa mwendo”. Isitoshe, mzee mmoja wa ukoo wetu ametuonya kwamba hilo lilikuwa jina la mke wa Abu Lahab, na kwamba mtoto hapewi jina la mtu aliyelaaniwa. Tunaomba mtueleze asili ya jina hili, maana yake hasa, na kama wapo watu wengi wanaoitwa hivyo.
*Mzazi mwenye shaka*

Jibu: Ndugu Mzazi, hongereni kwa kupata mtoto. Tuanze na mnyama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jina. Katika Kiarabu cha kale, mbuzi-mwitu jike wa milimani huitwa *urwiyya*. Wakiwa wachache, yaani kuanzia watatu hadi kumi, husemwa *arawi*, na wakizidi hapo huitwa *arwa*. Hivyo ndivyo inavyoeleza kamusi kubwa ya *Lisan al-Arab* ya Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 1311, na humo humo imeelezwa kwamba wanawake walipewa jina hilo. Binti yenu, basi, amebeba neno la wingi: si mbuzi mmoja, bali kundi zima lililotawanyika juu ya jabali.

Asishtuke mtu kusikia neno mbuzi. Waarabu wa zamani waliwapa watoto wao majina ya wanyama waliowastaajabia, na mengi ya majina hayo tunayatamka kila siku bila kuyafikiria: Asad na Usama ni simba, Rim ni swala mweupe, Maha ni mnyama wa jangwani mwenye macho makubwa ambaye washairi walimfananisha na wanawake warembo. Mbuzi huyu wa milimani, ambaye wataalamu wa wanyama humwita *Capra nubiana*, angali anaishi Yemen, Oman, Saudi Arabia, Jordan na Misri, ingawa uwindaji umempunguza sana. Pembe za dume hupinda kuelekea nyuma kama mundu na huweza kukaribia urefu wa mita moja. Za jike ni fupi na nyembamba. Kwato zake zina kingo ngumu na nyayo zenye kushika mwamba, hivyo jike aliyezaa huweza kupanda na mwanawe mahali ambapo chui na binadamu hawamfikii. Sifa hiyo ya kujihifadhi mahali pa juu ilijulikana kiasi cha kutumiwa kama mfano: katika mkusanyiko wa hadithi wa al-Tirmidhi imo riwaya inayosema kuwa dini itajihifadhi Hijaz kama *urwiyya* anavyojihifadhi kwenye kilele cha mlima.

“Uzuri” na “wepesi” mlivyovisoma ni sifa za mnyama huyo zilizogeuzwa kuwa maana ya neno, na hapo waandishi wa orodha wamekwenda mbio kupita mbuzi mwenyewe. “Kukata kiu” kuna msingi zaidi. Mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti za *r*, *w* na *y* unahusu kunywa maji hadi kutosheka, na kitenzi *arwa*, “alimkatia kiu”, huandikwa kwa herufi zile zile za jina la binti yenu. Wanasarufi wa zamani wenyewe walibishana kuhusu muundo wa neno hili, wengine wakisema kwamba alifu ya mwanzo ni ya mzizi na wengine wakisema ni kiambishi tu. Anayependa kuisikia sauti ya maji ndani ya jina hili hakosi kabisa, lakini kamusi zinapoeleza jina la mwanamke zinamtaja mbuzi, na sisi tunasimama na kamusi.

Sasa tuje kwa mzee wenu, ambaye hakusema uongo. Mke wa Abu Lahab, maarufu kwa jina la Umm Jamil, alikuwa binti wa Harb na dada yake Abu Sufyan, na wanahistoria wengi wanasema jina lake lilikuwa Arwa. Hata hivyo, Sura ya al-Masad haikulitaja jina hilo. Ilimwita mkewe Abu Lahab, “mchukuzi wa kuni”, na ikamhukumu kwa matendo yake. Aliyoyasahau mzee ni kwamba katika mji ule ule wa Makka na katika kizazi kile kile walikuwako kina Arwa wengine. Arwa binti Abdul-Muttalib alikuwa shangazi yake Mtume. Arwa binti Kurayz, ambaye mama yake naye alikuwa binti wa Abdul-Muttalib, ndiye aliyemzaa Uthman bin Affan, khalifa wa tatu. Mtume alikuwa na desturi ya kubadilisha majina yenye maana mbaya, kama alivyombadilisha binti mmoja aliyeitwa Asiya, yaani “muasi”, akamwita Jamila. (Asiya huyo huandikwa kwa ayn na swadi, wala si jina la mke wa Firauni, ingawa kwa herufi zetu yanafanana kama pacha.) Jina la Arwa liliachwa lilivyo. Ikiwa jina lilimfaa mama wa Uthman, halikuharibika kwa kuwa jirani yake naye aliitwa hivyo.

Baada ya kizazi hicho, wako kina Arwa wawili ambao historia haikuwasahau. Wa kwanza alikuwa Arwa binti Mansur, wa kabila la Himyar, anayesimuliwa kuwa alitoka Kairouan katika nchi iitwayo leo Tunisia, na aliyeolewa na Abu Jaafar al-Mansur, yule khalifa aliyeanzisha mji wa Baghdad mwaka 762. Katika mkataba wa ndoa aliweka sharti la maandishi kwamba mumewe asioe mke mwingine wala asichukue suria maadamu yeye yu hai. Inasimuliwa kwamba khalifa alipotaka kutafuta mwanachuoni wa kumtengulia sharti hilo, Arwa alimtangulia kwa kumpelekea mwanachuoni huyo zawadi nono, na sharti likabaki. Mtoto wao, al-Mahdi, akaja kuwa khalifa. Hadi leo watu wa Tunisia wakizungumzia mkataba wa ndoa wa Kairouan wenye sharti la mke mmoja, humkumbuka yeye.

Wa pili ndiye aliyelieneza jina hili kuliko mwingine yeyote. Arwa binti Ahmad, wa nasaba ya Sulayhi, alizaliwa karibu na mwaka 1048 akafariki mwaka 1138, na kwa takriban nusu karne mambo ya Yemen yalikuwa mikononi mwake. Mumewe, al-Mukarram, alipopooza, alimwachia uongozi, naye akataka makao makuu yahamishwe kutoka Sanaa. Umara al-Yamani, mwanahistoria wa karne ya 12, anasimulia jinsi alivyomshawishi mumewe. Alimwomba awakusanye watu wa Sanaa uwanjani, na mume alipotazama hakuona isipokuwa mng’aro wa panga na mikuki. Walipofika Jibla, mji mdogo wa kusini, akamwomba afanye vivyo hivyo, na mara hii wakaja watu wakiburuta kondoo dume na kubeba vyombo vya samli na asali. Arwa akasema kuishi miongoni mwa hawa ni bora zaidi. Wakahamia Jibla, na huko ndiko uliko msikiti wake na kaburi lake. Katika khutuba za Ijumaa jina lake lilitajwa mimbarini baada ya la khalifa wa Kifatimi wa Misri, heshima ambayo ni wanawake wachache mno waliowahi kuipata.

Umaarufu wa jina hili umefuata nyayo za malkia huyo. Nchini Yemen, Arwa ni jina la kawaida, na mjini Sanaa kipo chuo kikuu chenye jina lake. Mabohora wa India nao hulipenda, kwa sababu baada ya al-Amir, khalifa wa Kifatimi, kuuawa mwaka 1130, malkia alisimama upande wa mwanawe mchanga, al-Tayyib, na kutokana na msimamo huo ndipo ilipoanza madhehebu ambayo Mabohora wanaifuata. Kwingineko katika nchi za Kiarabu jina linajulikana na kila mtu lakini haliwaniwi kama Mariamu au Fatuma. Msikilizaji hulisikia, akamkumbuka mwigizaji wa Misri Arwa Gouda au mwanahabari wa Marekani Arwa Damon, na basi. Mkitaka jina ambalo si geni wala halijachosha masikio, mmelipata.

Swali: Ndugu Mhariri, je, Arwa ni jina moja na Urwa? Na kuna uhusiano wowote na *arwah*, yaani roho?
*Mwalimu wa madrasa*

Jibu: Hapana, Mwalimu, kwa yote mawili. Urwa huanza kwa ayn na maana yake ni kishikio, kama katika *al-urwat al-wuthqa*, kishikio madhubuti kilichotajwa katika Sura ya al-Baqara, aya ya 256; tena ni jina la wanaume, na mashuhuri wao ni Urwa bin al-Zubayr wa Madina. *Arwah* ni wingi wa *ruh* na huishia kwa haa inayotoka kooni. Kuhusu maandishi, Watunisia wenye mazoea ya Kifaransa huandika Aroua na Waturuki Erva, lakini kwa Kiswahili Arwa inatosha. Linapoandikwa kwa Kiarabu, liishie kwa yaa isiyo na nukta. Wanaomalizia kwa alifu iliyosimama wanakosea tahajia, na kosa hilo likiingia kwenye cheti cha kuzaliwa ni kazi kulitoa.