Homa kwa mgonjwa anayeharisha: shughulika na maji kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini mgonjwa wako anayeharisha anapewa dawa ya homa, joto linashuka, halafu linapanda tena. Paracetamol hushusha joto kwa saa 4 hadi 6 tu, haigusi kilichomo tumboni. Tena mwili uliokaukiwa maji hautoi jasho vizuri, kwa hiyo joto linakosa pa kutokea. Ndiyo maana nakwambia shika kikombe kabla ya kipimajoto.

ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti nzima iingie kwenye maji safi kwa ujazo ulioandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Watu wengi wanaharibia hapa: wanakadiria nusu pakiti kwenye glasi kwa macho. Ikiwa nzito, huvuta maji ya mwili kuingia utumbo na kuhara kunazidi. Ikiwa nyepesi mno, chumvi iliyopotea hairudi. Iliyopita saa 24 mwaga, changanya mpya.

Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto chini ya miaka 2 apate mL 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 mL 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko cha chai kimoja kila dakika 1 au 2. Inachosha, najua, lakini kumpa glasi nzima kwa mkupuo ndiko kunakomtapisha. Anayenyonya aendelee kunyonya, na chakula asinyimwe. Mtoto aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14: mg 20 kwa siku, au mg 10 akiwa chini ya miezi 6.

Sasa homa. Paracetamol ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa dozi moja, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 anahitaji mg 100 hadi 150. Chupa ikiandikwa mg 120 kwa mL 5, basi mL 5 zinamtosha. Soma chupa kila mara, maana zipo za mg 250 kwa mL 5, na kijiko kilekile kinakuwa dozi kubwa kupita kiasi. Ibuprofen na diclofenac weka pembeni: figo zilizokosa maji huumia nazo. Mpunguzie nguo. Ukimfuta, tumia maji ya uvuguvugu. Ya barafu humtetemesha, na kutetemeka huzalisha joto jingine. Spiriti usipake kabisa.

Kujua kama maji yanatosha, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, kwa dole gumba na kidole cha shahada, mkunjo ufuate urefu wa mwili. Shikilia sekunde moja, achia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hali ni mbaya. Kwa mzee au aliyekonda sana kipimo hiki hudanganya, basi tazama macho yaliyozama, mdomo mkavu na mkojo. Andika kwenye karatasi saa, alichokunywa, vyoo, matapishi, mkojo na joto la kwapani. Daktari atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa maneno "anaharisha sana".

Matako yasafishwe kwa maji kila anapojisaidia, yakaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha yapakwe mafuta mazito ya jeli. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza.

Dawa za kufunga tumbo, kama loperamide, usimpe mtoto, wala mtu yeyote mwenye homa au choo cha damu. Zinafungia wadudu ndani. Choo cha damu kinahitaji daktari achague antibiotiki. Kwenye maeneo ya malaria pima damu hata kama kuhara kunaonekana kueleza kila kitu.

Usingoje asubuhi ikiwa amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, hajakojoa kwa saa 6, au ni mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa. Huyo mpeleke hospitali, huenda akahitaji dripu, na njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko kama anaweza kumeza.