Baridi ya Julai: Dar si Makete

Umeuliza kama baridi ni ya nchi nzima, maana wiki ijayo unatoka Dar kwenda Makete, kule milimani mkoani Njombe. Hapana ndugu, nchi hii kubwa. Dar ni upepo wa kusi tu, usiku nyuzi 19 hivi, shuka moja inatosha. Tanga na Pemba huwa na vimvua vya hapa na pale. Dodoma asubuhi upepo mkavu unakupasua midomo.

Makete sasa! Usiku nyuzi hushuka chini ya 10, na kule uwanda wa juu wa Kitulo mawingu yakikosekana unaamka majani meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Beba sweta na soksi nzito, usidanganywe na joto la stendi ya Mbezi. Siku ya safari ikikaribia, angalia utabiri wa saa 24 wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.