Mfumuko wa bei asilimia 3, mbona mfuko wangu unaungua?

Mkuu mleta mada, umeuliza nani muongo: redio inayosema mfumuko wa bei ni kama asilimia 3, au wewe unayetoka sokoni umenuna. Nilikuwa na swali hilo hilo mpaka nilipochukua kaunta buku nikaandika matumizi ya nyumbani mwaka mzima, hadi vocha na kiberiti.

Kwanza, mfumuko ukishuka bei hazijashuka, zinapanda taratibu tu. Hilo tuliache.

Kazi iko kwenye kapu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima bei kwa kapu la bidhaa, yaani orodha ya vitu watu wanavyonunua, na kwenye kapu la mwaka 2020, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito (sehemu ya matumizi yote) wa asilimia 28.2. Daftari langu la hapa Kirumba, Mwanza, lilisema chakula kinameza kama 60. Sasa chukulia chakula kimepanda asilimia 8 na vingine vyote 1 tu. Kwa kapu la taifa unapata karibu 3. Kwa langu ni 5 na ushee. Soko lile lile, bei zile zile, na hakuna aliyedanganya.

Halafu kuna dagaa. Wavuvi wanawavuta kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika na pale soko la Mwaloni bei inaruka. Giza likirudi, inashuka. Ukipiga wastani wa mwezi, mruko wote unafunikwa. Ila mimi kibarua nanunua ya leo, na leo yenyewe mwezi umejaa (mwenye friji na akiba atasubiri, sawa).

Kilichonivua nguo ni sado, lile kopo la kupimia. Miezi mitatu mfululizo nimeandika bei moja ya dagaa, nikajisifu kwamba walau hao wametulia. Mama watoto akasoma, akacheka. "Baba Neema, umeandika bei, kilele umekiandika wapi?" Kweli bwana. Zamani yule mama anayeniuzia dagaa alikuwa anajaza mpaka dagaa wanamwagika pembeni, anaongeza na kiganja cha nyongeza. Siku hizi anapitisha mkono juu ya kopo, fyuu, wamelala sawa na mdomo wake.

Nimenunua mizani ndogo ya jikoni. Kaunta buku ina safu mpya ya uzito, na yule mama akiniona nakuja ananiita "bwana takwimu".