Mahubiri ya spika alfajiri: je, kipimo cha simu kinatosha kulalamika?

SWALI: Naishi ghorofa ya tatu karibu na steji ya matatu, Umoja, Nairobi. Chini yetu ni maduka. Mhubiri huweka spika ya honi mkabala na jengo letu kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 12:15, kisha hurudi jioni kwa dakika 45. Nina mtoto mchanga. Programu ya simu imeonyesha desibeli 82. Nikiipeleka namba hiyo kaunti itatosha? Na je, uhuru wa kuabudu haumlindi?

JIBU: Namba hiyo peke yake haitoshi. Hata hivyo malalamiko yako yana uzito, na uzito wenyewe uko alfajiri.

Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huhesabu mchana kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Muda uliobaki ni usiku. Mtaa wenye nyumba na maduka pamoja una kikomo cha desibeli 55 mchana na 35 usiku. Penye makazi matupu, kipimo kikichukuliwa nje ya nyumba, ni 50 na 35. Maana yake nusu saa ya kwanza ya mahubiri inaangukia usiku, na ni vigumu spika ya barabarani isikike ikabaki chini ya 35.

Jioni hesabu ni nyingine, na hapa ndipo wengi hukwama. Kikomo ni cha wastani wa nishati ya sauti kwa saa 14 za mchana, si cha kilele. Dakika 45 zikitandazwa katika saa 14, kipimo hushuka kwa desibeli 13 hivi. Mahubiri yenye wastani wa 75 dirishani kwako yanaipa siku nzima 62, na hapo kikomo kimevukwa. Yakiwa 65, siku inapata 52: ni kosa penye makazi matupu, lakini mtaa wenye maduka unairuhusu. Hiyo 82 yako huenda ni kilele cha sekunde moja. Isitoshe, simu haijasawazishwa kwa kifaa cha maabara, upepo huipandisha, na ukuta ulio nyuma yako hurudisha sauti. Itumie kukuonyesha hali tu. Upimaji rasmi mwachie afisa mwenye mita ya sauti, na umwombe apime mara mbili: mahubiri yakiendelea, na yakiwa yamenyamaza. Matatu za alfajiri zenyewe zaweza kupita 35. Tofauti kati ya vipimo hivyo ikiwa chini ya desibeli 3, kipimo hakithibitishi chochote dhidi ya mhubiri. Ikifika 10, kelele za matatu hazina tena uzito katika hesabu.

Habari njema ni kwamba kanuni ya 3 haitegemei mita peke yake. Inaangalia saa, ukaribu wa makazi, kama kelele inajirudia, kama imeongezwa kwa umeme au mitambo, na kama ingeweza kupunguzwa bila gharama wala taabu kubwa. Kisa chako kinagusa yote matano. Basi andika daftari la siku 14: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, spika ilikoelekezwa, nani aliamka. Piga video fupi kutoka dirishani. Majirani watatu wanne wakitia sahihi, barua haisomeki tena kama ugomvi wa mtu na mtu.

Kabla ya barua, zungumzeni na mhubiri, mzee wa mtaa akiwepo, mkiwa na ombi linalopimika: aanze baada ya saa 12:30, honi aigeuzie steji badala ya madirisha, aiteremshe hadi kimo cha kichwa. Honi hurusha sauti kali mbele yake, kwa hiyo kuigeuza husaidia sana. Umbali ukiongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka mita 10 hadi 20, sauti hupungua desibeli 6 penye uwazi. Katikati ya maghorofa haipungui kiasi hicho, kwa sababu kuta huirudisha. Aangalie pia ampu, yaani kikuza sauti: ikisukumwa kupita uwezo wake, sauti hukwaruza, maneno hayasikiki, naye huongeza tena.

Asipokubali, peleka barua idara ya mazingira ya kaunti, kwani Katiba imeipa kaunti jukumu la kelele. Nakala iende NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Uliza kama mhubiri ana leseni ya kelele inayovuka kikomo. Haizidi siku 7, hivyo mahubiri ya kila siku hayawezi kujificha nyuma ya leseni moja.

Kuhusu ibada: Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda kuhubiri, hata hadharani. Kanuni zinagusa spika na saa, si Injili. Kwa hiyo usiandike neno lolote juu ya mafundisho yake, hata kama yanakukera. Sentensi moja ya namna hiyo huihamisha barua kutoka kelele hadi dini, na afisa ataiogopa.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi ibaki mwisho. Ukifika huko, Kifungu cha 70 hakikutaki uthibitishe kwamba mtu ameumia au amepata hasara.