Vinyonga na vyura kwa karibu: ushauri kwa anayeanza kupiga picha katika hifadhi ya msitu ya Amani, milima ya Usambara

Swali la kwanza la wengi ni lenzi gani wanunue. Lenzi si tatizo kubwa hivyo. Picha nyingi za kinyonga au chura huharibiwa na mwanga mkali na jicho lisilo kwenye fokasi, na yote mawili yanarekebishika bila gharama kubwa.

Ukiwa na lenzi ya milimita 50, weka kati yake na kamera mirija ya kurefusha (pete tupu zisizo na kioo) yenye jumla ya milimita 25. Utapata nusu ya ukubwa halisi, yaani taswira kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) ni nusu ya mnyama mwenyewe, inayomtosha kabisa kinyonga mdogo. Lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 ina faida ya kukuweka mbali kidogo: hata kwa ukubwa halisi hubaki takriban sentimita 13 mbele ya kioo, na mwanga una pa kupita.

Anza na tundu la lenzi, yaani mlango wa mwanga, la f/11; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24), kwa nusu ya ukubwa halisi, sehemu iliyo kwenye fokasi ina unene wa milimita 4 hivi. Kwa ukubwa halisi haifiki milimita 1.5. Usikimbilie f/22, maana tundu dogo hivyo hutawanya mwanga na picha nzima hupoteza ukali. Afadhali ujipange ubavuni, mwili wa mnyama uwe sambamba na sensa. Zima fokasi ya otomatiki, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole na ubonyeze jicho linapoingia kwenye fokasi. Jicho la kinyonga limefunikwa na ngozi yenye tundu dogo katikati. Fokasi iwe kwenye tundu hilo, si kwenye magamba yanayolizunguka.

Kwenye mwanga ndiko wengi hushindwa. Ngozi ya chura imelowa, hivyo flashi isiyofunikwa huacha madoa meupe mgongoni ambayo hakuna programu itakayoyaondoa vizuri. Kunja karatasi nyeupe ya kuokea au plastiki nyeupe ya dumu la maziwa iwe kama paa juu ya ncha ya lenzi, na flashi iangaze kupitia humo. Kadiri paa hilo lilivyo pana na karibu na mnyama, ndivyo madoa yanavyolainika. Weka flashi kwenye hali ya kurekebishwa kwa mkono, uanzie 1/16 ya nguvu, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, halafu rekebisha nguvu ya flashi pekee. Nyuma pakitoka peusi tititi, mwanga haukufika huko: chagua pembe yenye jani sentimita chache nyuma ya mnyama, au pandisha ISO hadi 800.

Usiku ndio wakati wa kumpata kinyonga. Hulala kwenye ncha za matawi, rangi yake hupauka na hung'aa kwa tochi. Wale wadogo wanaofanana na jani kavu tafuta chini, usawa wa goti. Usitikise tawi, hujiachia akaanguka. Piga picha chache, zima tochi, ondoka. Akiwa mweusi, akajivimbisha au kuachama, umeshamsumbua. Wapo wanaomweka mnyama kwenye friji atulie. Ni ukatili, na miguu iliyokaa vibaya huonekana pichani.

Kabla ya kupiga goti, mulika majani makavu. Nyoka kifutu hakimbii, na rangi yake ni ya hayo hayo majani. Lipa kiingilio cha hifadhi na uende na mwongoza wageni wa pale. Anajua vijito vyenye vyura.

Chura usimshike. Dawa ya mbu iliyo mkononi hupenya ngozi yake. Buti nazo ni hatari. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko ya Mto Kihansi, Tanzania, na fangasi wa ngozi ya vyura kuonekana hapo. Fangasi huyo husafiri kwenye tope na maji. Kabla ya kuhamia msitu mwingine, sugua nyayo kwa brashi mpaka tope liishe, pamoja na miguu ya stendi ya kamera, kisha anika juani hadi vikauke kabisa.