Ndege wakati wa masika

Dada, umeuliza uwapeleke wapi wanao kuangalia ndege Aprili hii, na kama masika yatawaharibia matembezi. Hayaharibu, ndio wakati wa mnana, wale ndege wafumao viota! Nendeni hifadhi ya Nguuni, nyuma ya Bamburi, Mombasa, asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Simameni kimya karibu na mnazi wenye viota. Utamwona dume, manjano tupu, akichana uzi mwembamba wa kuti kwa mdomo, arudi nao, aufume huku ananing'inia kichwa chini. Wanangu hawakubanduka pale. Siku nyingine shukeni hori la Tudor maji yakipwa. Sululu, wale ndege wa ufukweni wenye mdomo mrefu, wanajishibisha kabla ya safari ya kwenda kuzaa kaskazini, hadi Siberia. Vaeni viatu vya mpira, njia ni tope. Na viota msiviguse, tafadhali.